Mti wa Krismasi Navakholo na Hodi za Majirani

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo hazilali zizi moja. Ya kwanza yasema: mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema: ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Aliye kwao huzipenda zote mbili, kwa kuwa hajalazimika kuchagua. Lakini mwulize yule aliyefunga virago akaenda kuishi mbali na waliomzaa, atakwambia kwamba methali hizi humvuta huku na huku kila kunapokucha.

Desemba iliyopita zilipigana ndani ya jamaa yangu mwenyewe, na kilicholeta ugomvi kilikuwa tagaa moja la mti.

Mpwa wangu ni kijana wa Mombasa, amezaliwa Mji wa Kale, amekhitimu juzuu zake chuoni kabla hajajua kuandika barua. Mwezi wa sita alihamishwa kikazi kwenda Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega. Alikwenda na mkewe na binti yao wa miaka mitano. Tuliwasindikiza hadi kituo cha basi kwa dua na machozi na vikapu vya mahamri, kisha tukarudi makwetu. Wiki ya kwanza ya Desemba ikatufikia picha kwenye simu. Mtoto amesimama, anacheka meno yote nje. Nyuma yake pana tagaa bichi limesimamishwa ndani ya debe, limepambwa kwa pamba na karatasi za rangi.

Msomaji mpenzi, moto uliowaka si wa kuzimwa kwa ndoo. Shangazi mmoja alilia. Mzee mmoja akasema kijana amegeuza kibla. Mwingine, ambaye kwa miezi sita hakupiga simu hata mara moja kuwauliza hali, aliandika maneno marefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Nami nisijitoe: nilikuwa nimewapigia mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa na haraka. Lakini kwa kuwa mimi ndiye mjomba, na kwa kuwa wanijua kuwa ni mtu wa kalamu na vitabu, niliambiwa nende nikaone, nikanye, na nikibidi nimrudishe kijana Pwani.

Nikaenda.

Kutoka Kakamega mjini utapanda matatu inayopita Ingotse, na muda si muda utaingia katika nchi ya miwa, mahindi, migomba na ng'ombe waliofungwa kando ya njia. Ni nchi ya mvua. Kaunti hiyo ina sehemu zipatazo hadi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake hushika kiatu kama mtu anayekuzuia usiende. Hakuna upepo wa chumvi. Hakuna adhana inayoitikiwa na adhana nyingine kama huku kwetu, ambapo muadhini mmoja hajamaliza na wa pili ameanza. Jioni hunuka moshi wa kuni na mvuke wa ardhi iliyonyeshewa. Nilipoteremka nikiwa na kanzu na kofia yangu, watoto wawili walisimama kunitazama mpaka nikapita. Hapo nikakumbuka kuwa mgeni ni kuku mweupe, na nikapata kuonja, kwa dakika chache, alichokula mpwa wangu kwa miezi sita.

Nyumba aliyopanga ina milango minne inayofungukia baraza moja. Mwenye nyumba ni ajuza mjane, ambaye wapangaji wote humwita Kukhu, maana yake bibi kwa Kiluhya. Na lile debe lenye mti, ambalo Mombasa tulilitolea hukumu, sikulikuta chumbani mwa mpwa wangu. Lilikuwa pembeni mwa baraza, baina ya milango yote minne, mahali ambapo kila mwenye kupita hulipita.

Nilimuuliza kijana, tena kwa ukali niliotoka nao safarini. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, mti si wangu. Mti ni wa baraza." Kisha mkewe akaniketisha kwenye mkeka, akanimiminia kahawa ya tangawizi, akanieleza.

Mtoto wao tangu alipofika alikuwa halali vyema. Kila siku akiuliza bahari i wapi. Shuleni wenziwe walimcheka kwa matamshi yake, na kila jioni alikuwa akikaa kizingitini, haingii ndani wala hatoki nje. Siku moja Kukhu akaja akabisha hodi. Hakuingia. Alisimama mlangoni akasema, "Najua nyinyi ni Waislamu, dada yangu ameolewa Mumias. Mwezi huu nina desturi ya kuweka mti hapa barazani kwa ajili ya watoto wa nyumba hii. Nikiuweka, nitawakosea? Na mtoto huyu akija kuufunga pamba pamoja na wenziwe, nitakuwa nimewakosea?"

Mama mtu hakujua la kujibu. Akaomba amngojee mumewe. Mumewe aliporudi kazini wakashauriana, wakakubaliana kwamba mti wa baraza ni wa mwenye baraza, na mtoto atacheza na wenziwe, ila ndani mwao hauingii, wala wao hawasherehekei ibada isiyo yao. Basi mtoto akaenda. Wenziwe walitundika nyota na mishumaa ya karatasi. Yeye akakata mashua ya karatasi, yenye tanga, akaitundika. Usiku ule, mama yake aliniambia, alilala mpaka alfajiri.

Mashua ile niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa imeinama upande kwa sababu ya mvua.

Sasa, ndugu msomaji, kabla hujanijibu wala hujanihukumu, tuuchunguze mti wenyewe. Maana sisi tumezoea kudhani kuwa mti wa Krismasi ni kitu kilichotoka Injilini, na kwamba kila Mkristo duniani aliurithi kwa babu yake. Sivyo. Injili haina habari ya mti huo. Desturi hii imekua katika nchi za Wajerumani na jirani zake, katika karne ya kumi na sita na zilizofuata, penye baridi kali ambapo miti mingi hupukutika na ile michache isiyopukutika hupendwa kwa ukaidi wake. Uingereza hawakuwa nao. Aliyeupeleka katika jumba la kifalme la Windsor, mwaka 1800, ni Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, na huyo alikuwa binti wa Kijerumani aliyeozwa mbali na kwao. Baadaye akaja Albert, mume wa Malkia Victoria, naye Mjerumani, akauendeleza. Na mwaka 1848 gazeti moja la London lilipochapa picha ya jamaa ya malkia wameuzunguka mti, Waingereza wote wakautaka. Yaani mti huu uliingia Uingereza mikononi mwa wageni waliokuwa na kiu ya kwao. Hata mtu aliye na jumba na walinzi na farasi, kumbe naye hutafuta tagaa la kumfanya aone hapa ni nyumbani!

Kwetu huku ukaja na wakoloni na wamisheni. Magharibi mwa Kenya Wamarekani wa madhehebu ya Marafiki, wajulikanao kama Quakers, walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki na Waanglikana wakafuatia miaka michache baadaye. Na ajabu yenyewe ni kwamba Quakers wa zamani hawakuwa wakiadhimisha Krismasi, kwani waliona siku zote ni za Mungu sawasawa. Hata leo wapo Wakristo wasioutaka mti huo majumbani mwao. Na mti unaokatwa Navakholo, ambao wenyewe huuita saiprasi, si mti wa Kakamega. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Uliletwa kupandwa kwa ajili ya mbao. Basi mti ni mgeni, desturi ni ngeni, na hata waliouleta walikuwa wageni.

Na wenyeji je? Wengi wa watu wa Navakholo ni Wanyala. Tazama majina ya kata zao: Bunyala Magharibi, Bunyala ya Kati, Bunyala Mashariki. Lakini Bunyala nyingine iko mbali nao, katika Kaunti ya Busia, kando ya ziwa, na wazee husimulia kuwa watu hawa wa Navakholo chimbuko lao ni huko ziwani. Mto Nzoia unapita mpakani mwa Navakholo ukielekea magharibi, unateremka hadi Bunyala ile nyingine, na hapo ndipo unapomwaga maji yake ziwani. Mtu aliyehama huko aliacha ziwa na samaki wake. Jina hakuliacha. Alipofika penye ardhi mpya alilisimika jina la kwao, kama mtu asimikavyo nguzo ya kati ya nyumba, kisha akasema: hapa pia ni Bunyala.

Sisi wa Pwani tusijione kuwa hatumo katika habari hizi. Si mbali na Navakholo pana Mumias. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilifika huko kwa Wawanga, kabla hata ya Mskoti Joseph Thomson hajapita mwaka 1883. Babu zetu wale walikwenda kwa biashara, nayo biashara ya zama zile ilikuwa na mema yake na maovu yake, pembe na watu pia, tusiipake chokaa. Lakini waliokaa, walikaa na vitu vyao. Walivaa kanzu katika nchi ya mvua na matope. Walisali mahali ambapo hapakuwa na msikiti mpaka msikiti ukapatikana. Waliwafundisha watoto alifu na be kwa vibao. Hapana aliyewaambia kuwa kanzu zao zinawachafulia nchi. Walipewa mahali, wakapewa wake, na jamaa wengi wa nasaba ya Nabongo Mumia wakasilimu. Mpaka leo Mumias ni moja ya ngome za Uislamu magharibi ya Kenya. Hata dada yake Kukhu ameolewa huko.

Basi neno nilipatalo katika haya yote ni hili: hapana mtu anayehamia mahali mikono mitupu. Wote hubeba kitu cha kusimamisha, awe malkia wa Windsor, Mnyala wa ziwani au mfanya biashara wa Pwani. Na mahali pageni hapawi nyumbani mpaka mtu asimamishe kitu chake, na mwenyeji akubali kisimame.

Walakini nasikia msomaji mmoja akiniuliza, tena kwa haki: dini je? Ni kweli. Shangazi aliyelia hakulia upuuzi. Anajua kwamba imani ya mtoto ni kama maji ya kisima, haichafuki kwa siku moja. Huchafuka kwa jani moja leo na jani jingine kesho. Na wako vijana wetu waliokwenda mbali wakaacha sala kidogo kidogo, mpaka siku moja wakajikuta hawajui ni lini waliiacha. Hofu hiyo naiheshimu. Mimi si mufti, wala ukurasa huu si mahali pa kutolea fatwa. Wenye elimu wapo, na waulizwe. Lakini nilivyofundishwa na mwalimu wangu, mkekani, nikiwa na bakora juu ya kichwa, ni kwamba Mwislamu ana idi zake mbili na zinamtosha. Hana haja ya kuazima sikukuu ya mtu, kama vile mwenye kanzu yake hana haja ya kuazima koti. Kijana wangu angelitia tagaa lile ndani ya chumba chake, akalipamba kwa mkono wake kwa kuwa anaona haya kuonekana tofauti, ningelimkanya, na kumkanya kwenyewe kungekuwa kwa huruma.

Hata hivyo yako mambo mawili ambayo mwalimu wangu yuleyule alinifundisha, nayo tumeyasahau katika zile simu zetu.

La kwanza ni Surat Maryam. Kila aliyesoma chuoni aijua. Bibi Maryam alikuwa mbali na watu wake, peke yake, na uchungu wa kuzaa ukampeleka kwenye shina la mtende. Akaambiwa alitikise, zikamwangukia tende mbivu. Kwa hiyo hata sisi, katika habari ya kuzaliwa Nabii Isa, tuna mti. Mti wetu haukutiwa pamba wala nyota. Ulikuwa mti wa kumliwaza mtu aliye ugenini, mwenye dhiki, asiye na jamaa wa kumshika mkono. Mwenye kuisoma sura ile na asimwonee huruma mtoto anayelia kizingitini mwa nyumba ya kupanga, amesoma herufi tu.

La pili ni habari ya Bilal. Masahaba walipohama Makka kwenda Madina, mji mpya uliwapokea kwa homa. Bilal homa ilipompungua alikuwa akiitaja Makka kwa sauti, akatamani alale tena katika mabonde yake, akayataja kwa majina majani yaotayo huko. Majani, msomaji mpenzi! Hakutaja majumba. Mtume (S.A.W.) hakumkemea kwa kutamani kwao, aliomba dua Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Na Madina ilipendeka, kwa nini? Kwa sababu Ansari walifungua milango. Waliohama walipewa ndugu, kila mmoja na nduguye.

Na katika Surat Mumtahana tumefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Kukhu hakumtoa mtu nyumbani. Alibisha hodi, akauliza kama atakosea.

Hapa ndipo nilipofika siku ile, nimekaa mkekani Navakholo, kahawa imepoa mkononi, ninajitayarisha kuyapanga maneno ya kuja kuwatulizia jamaa. Nikawa nimeridhika nafsi yangu. Ndipo maneno ya aya ile yakanigeukia, yale ya kutoa watu majumbani mwao, nikakumbuka Likoni.

Mwaka 1997 nilikuwa kijana, nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili huko Likoni. Chumba cha pili yangu alikaa seremala, mtu wa upande huohuo wa Kakamega, mpole, mwenye mikono mikubwa. Kila Desemba alikuwa akileta tagaa la mvinje, ule mti wetu wa pwani wa boriti na milingoti, akalisimamisha katika kopo la samli lililojaa mchanga, akalitia pamba. Kule kwao saiprasi, huku kwetu mvinje: alitumia alichokipata. Hakuuweka barazani. Aliuweka chumbani mwake, nyuma ya pazia, kwa kuwa alituona tulivyokuwa tukitabasamu. Hatukumtukana. Tulitabasamu tu, tukamwita mtu wa bara, miaka sita tukamwita hivyo, mpaka nafikiri wengi wetu hatukulijua jina lake.

Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, watu wenye silaha waliivamia stesheni ya polisi ya Likoni. Kabla ya hapo vilikuwa vimesambazwa vikaratasi vya kuwataka watu wa bara warudi makwao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na waliouchochea moto ule walikuwa na hesabu zao. Tume ya Jaji Akiwumi baadaye iliyachunguza mambo hayo. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika siku na wiki zilizofuata. Maelfu kwa maelfu walikimbia, wengine wakalala katika uwanja wa kanisa la Kikatoliki la Likoni wakiwa na magodoro vichwani. Na vijana wetu wa Pwani, wengi wao wasio na hatia, walikamatwa na kuteswa katika msako uliofuata. Hapana nyumba iliyosalimika na aibu ile.

Usiku mmoja katika siku zile nilisikia hodi mlangoni pangu. Ilikuwa hodi ya polepole, ya mtu asiyetaka kusikiwa na wengine. Niliijua sauti. Sikuitikia. Nilijiambia ni hatari, na kweli ilikuwa hatari. Nilijiambia nina mama mzee, na kweli nilikuwa naye. Hodi ikarudi mara ya pili, kisha nikasikia hatua zinakwenda. Kulipokucha chumba cha seremala kilikuwa wazi. Randa na misumeno imechukuliwa na sijui nani. Nyuma ya pazia limebaki kopo la samli na mchanga wake. Mpaka leo sijui alitaka nini. Labda alitaka nimwekee vyombo vyake. Labda alitaka kuniaga.

Sijapata kuyaandika haya kabla ya leo. Nimeandika mashairi ya mapenzi, ya siasa, ya bei ya unga. Hili sikuliandika, kwa kuwa kila nilipoishika kalamu niliisikia hodi ile. Mjane wa Navakholo ndiye aliyenilazimisha, kwa kubisha kwake mlangoni mwa mwanangu na kumwuliza kama atamkosea.

Basi rai yangu ni hii, na anayeipinga na aandike, ukurasa huu ni wenu.

Kwa vijana wetu waliopelekwa bara kwa kazi, Navakholo na kwingineko: simamisheni chenu. Chukueni mkeka, ubani na kijiti cha asumini katika kopo. Someni maulidi hata mkiwa watatu. Ijumaa nendeni msikitini, hata kama ni kupanda matatu hadi Mumias. Jifunzeni kusema mulembe kabla hamjajifunza kulalamika. Siku ya Idi, sahani ya pilau na itoke mlangoni mwenu kwenda milango yote ya baraza, na wa kwanza awe aliyewabishia hodi. Mtu aliye na chake haogopi cha mwenzake. Anayeogopa kila tagaa la jirani huenda ndani mwake hamna kitu kilichosimama.

Kwa jamaa tuliobaki Pwani: tusiwahukumu watoto wetu kwa picha. Tuwapigie simu kabla hatujawapigia kelele. Iwapo jirani asiye wa dini yetu ndiye wa kwanza kujua kwamba mtoto wetu halali usiku, kosa si la jirani. Tulimwacha mtoto mikononi mwake, kisha tukamlaumu kwa namna alivyomliwaza.

Na kwa sisi sote wenye baraza Mombasa, Malindi, Lamu, Kwale na Kilifi: Desemba hii, katika moja ya vyumba vya nyumba zetu, mtu wa bara atakata tagaa la mvinje, alitie katika kopo, aliweke nyuma ya pazia. Si lazima tulisifu. Si lazima tuimbe naye. Dini yake ni yake na yetu ni yetu. Lakini tumuulize jina lake na la mama yake aliyemwacha kwao, na tumwambie kwamba pazia si lazima. Wala tusingoje vikaratasi vya mwaka wa uchaguzi ndipo tujue kuwa alikuwa jirani. Tunamwomba Kukhu wa Navakholo amtunze mtoto wetu. Kwa uso gani tutamwomba, ikiwa mwanawe yeye akiwa kwetu tunamwacha asimame gizani akibisha?

Nilikaa Navakholo siku tatu. Sikumrudisha kijana Pwani. Siku ya kuondoka, Kukhu alinipa kuku hai, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, akaniambia nikamchinje mwenyewe kwa mkono wangu ili roho yangu itulie. Sikujua kama nicheke au nilie. Nilipopita barazani ile mashua ya karatasi ilikuwa imenyooshwa. Sijui ni nani aliyeinyoosha. Nami katika matatu, kuku yuko miguuni, nikaziandika beti hizi mbili:

Nyumba si kuta na dari, wala pazia chumbani,
Ni jirani mwenye heri, abishaye mlangoni,
Aulizaye habari, kwa ukweli wa moyoni,
Mgeni hawi mgeni, apatapo majirani.

Wa mvinje, wa mnazi, kila mja na mtiwe,
Tusitoane machozi, tusirushiane mawe,
Dunia ni matembezi, sote wageni tujuwe,
Mgeni hawi mgeni, apatapo majirani.

Wassalaam.